Tarakimu Iliyoporomoka: Serikali ya Marekani na Kemikali ya PFOA

Mwaka 2002 jimbo la West Virginia, Marekani, liliwatuliza wakazi wa kando ya mto Ohio kwa tarakimu: lita moja ya maji ya kunywa ikiwa na hadi nanogramu 150,000 za kemikali iitwayo PFOA, hakuna la kuhofia. Aprili 2024 serikali kuu ya nchi hiyohiyo iliweka ukomo wa nanogramu 4. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mafungu bilioni moja, kwa hiyo viwango vyote viwili, vikiwa vimeyeyuka majini, havionekani kwa macho. Lakini cha kwanza ni kikubwa kuliko cha pili mara 37,500, na kemikali ni ileile, mto ni uleule, na baadhi ya wanywaji ni walewale.

Ni rahisi kusema kwamba sayansi ilikuwa bado changa. Kwa kiasi fulani ni kweli, maana mitambo ya kupimia imeboreka sana. Hata hivyo, mengi waliyoyajua wakaguzi wa Washington baada ya 2001 yalikuwa yamekwisha kuandikwa na kufungiwa kabatini miaka ishirini kabla. Kwa muda mrefu serikali iliuliza maswali ambayo mwenye kiwanda tayari alikuwa na majibu yake, chini ya sheria iliyomwachia yeye mwenyewe aamue lini ayatoe.

Unga mweupe, 1938–1951

Aprili 6, 1938, Roy Plunkett, mkemia kijana wa kampuni ya DuPont, alifungua mtungi wa gesi katika maabara ya Deepwater, New Jersey. Alikuwa akitafuta gesi mpya ya majokofu. Gesi haikutoka, ingawa mizani ilionyesha kuwa mtungi umejaa. Walipoukata walikuta ndani unga mweupe unaoteleza, usiolika kwa asidi wala kushikwa na kitu chochote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili unga huo ulipata kazi katika mradi wa bomu la atomiki, kuziba viungio vya mabomba yaliyopitisha gesi kali ya urani. Mwaka 1945 ulisajiliwa kwa jina la Teflon, na miaka ya baada ya vita ukaingia jikoni, kwenye vikaango ambavyo yai halinati.

Kuutengeneza kwa wingi kulikuwa na tabu yake. Ilihitajika kemikali ya kuzifanya malighafi zichanganyike majini bila kufanya mabonge, kazi inayokaribiana na ya sabuni. Kampuni ya 3M ya Minnesota ilianza kuizalisha mwaka 1947, na kuanzia 1951 DuPont ikawa inainunua kwa ajili ya kiwanda chake cha Washington Works, karibu na mji wa Parkersburg, West Virginia. Hiyo ndiyo PFOA. Kiwandani waliiita C8, kwa sababu ya atomi zake 8 za kaboni.

Atomi hizo zimevishwa florini karibu pande zote, na kifungo cha kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo vigumu kuvunjika kuliko vyote katika kemia ya kaboni. Jua halikivunji, bakteria hawakiwezi, ini la binadamu halikiwezi. Mtu akiacha leo kunywa maji yenye PFOA, itachukua kati ya miaka 2 na 4 hivi nusu yake kutoka mwilini, kisha muda kama huo tena kwa nusu ya kilichobaki.

Niseme neno kuhusu kikaango, maana ndicho watu hukiulizia kwanza. PFOA ilitumika katika kutengeneza Teflon, na utando ukishaokwa kwenye chuma hubaki chembe chache sana au haibaki kabisa. Hatari kubwa ilikuwa kwingine: moshi wa mabomba ya kiwanda, maji machafu yaliyoelekezwa mtoni, na mashimo ya taka.

Yaliyojulikana ndani, 1961–1991

Mwaka 1961 mtaalamu wa sumu wa DuPont aliandika kwamba kemikali hizi hukuza maini ya panya, akaonya kwamba zishughulikiwe kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1968 Donald Taves, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester ambaye hakuwa na uhusiano wowote na kiwanda, aligundua katika damu ya binadamu aina ya florini tofauti na ile iliyokuwa ikitiwa kwenye maji ya bomba. Katikati ya miaka ya 1970 yeye na mwenzake Warren Guy walipima damu kutoka benki za damu wakaikuta tena. Walishuku kuwa ni jamii ya PFOA. Walipowauliza 3M, hawakupata uthibitisho.

Ya 1981 ni mazito zaidi. 3M iliijulisha DuPont kwamba majaribio ya panya wenye mimba yalionyesha kasoro machoni mwa vitoto. DuPont iliwaondoa wanawake katika kitengo cha Teflon, kisha ikafuatilia watoto 7 waliozaliwa na wafanyakazi wake. Wawili walikuwa na kasoro za macho au uso. Saba ni idadi ndogo mno, na mwanatakwimu yeyote angesema haithibitishi kitu. Lakini vipimo vya damu vilionyesha jambo ambalo halikuhitaji takwimu: kemikali ilikuwa imevuka kondo la nyuma, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Hilo serikali haikuambiwa.

Miaka mitatu baadaye wafanyakazi wa DuPont walizunguka kimyakimya wakikinga maji ya bomba katika maduka ya vijiji jirani, Little Hocking upande wa Ohio na Lubeck upande wa West Virginia. PFOA ilikuwemo. Mei 1984 wakuu wa kampuni walikutana makao makuu, Wilmington, wakajadili kama wapunguze moshi na taka. Waliamua kuendelea, na matumizi ya kemikali yakaongezeka. Mwaka 1991 wanasayansi wa kampuni walijiwekea ukomo wao wa ndani kwa maji ya wananchi: nanogramu 1,000 kwa lita. Maji ya eneo mojawapo la jirani yalikuwa na kiasi kinachokaribia mara tatu ya hicho. Msomaji aishike tarakimu hiyo ya 1,000, kwa sababu jimbo lilipokuja kutoa yake miaka 11 baadaye, ilikuwa kubwa mara 150.

Sheria kibogoyo

Kwa nini hakuna ofisa aliyegonga mlango wa kiwanda? Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti kemikali zenye sumu mwaka 1976. Kemikali takriban 62,000 zilizokuwa tayari sokoni zilipokewa kama zilivyo, bila kupimwa, PFOA ikiwa mojawapo. Shirika la Ulinzi wa Mazingira, EPA, likitaka kiwanda kifanye vipimo, lilipaswa kwanza kuonyesha dalili za hatari, na dalili hizo haziwezi kupatikana bila vipimo. Kifungu kimoja tu kilikuwa na ukali: mwenye kiwanda akipata habari za hatari kubwa kwa afya ya watu, aiarifu EPA mara moja. Kuamua ipi ni hatari kubwa kukabaki mikononi mwake.

Kisha ikaja kesi ya asbesto. EPA ilikusanya ushahidi kwa miaka kumi na mwaka 1989 ikapiga marufuku karibu bidhaa zote za asbesto. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya New Orleans iliitengua sehemu kubwa ya marufuku hiyo, ikisema shirika halikuthibitisha kwamba limechagua njia yenye mzigo mdogo kuliko zote kwa wenye viwanda. Pigo hilo liliwaingia maofisa mifupani. Ikiwa asbesto, ambayo madaktari walikuwa wameilalamikia kwa miongo, haikuzuilika, nani angejaribu kemikali ambayo hata jina lake halikujulikana nje ya viwanda vichache?

Ng'ombe wa Tennant, 1998–2001

Mlango ulifunguliwa na mfugaji. Wilbur Tennant alikuwa na ng'ombe nje ya Parkersburg, kando ya kijito kiitwacho Dry Run. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukoo wake uliiuzia DuPont ekari 66 kwa ajili ya jaa, kwa maelezo kwamba hakutatupwa kitu cha sumu. Baada ya miaka michache kijito kilianza kutoa povu. Ng'ombe walikonda wakila, walizaa ndama wafu, wakawa wakali kwa binadamu aliyewalea. Tennant aliwapasua mwenyewe mizoga yao, akirekodi kwa kamera ya video meno yaliyopiga weusi na viungo vya ndani vilivyobadilika rangi. Alipoteza zaidi ya ng'ombe 100.

Alibisha hodi kwa madaktari wa mifugo, kwa wanasheria wa mjini na kwa maofisa wa jimbo. Katika mji ambao kila ukoo una mtu anayekula mshahara wa DuPont, hakuna aliyetaka kumsikia. Jopo la madaktari 6 wa mifugo, 3 walioteuliwa na EPA na 3 na DuPont, liliandika kwamba ng'ombe walikufa kwa malezi mabovu: lishe duni, uangalizi hafifu, nzi wasiodhibitiwa. Kwa maneno mengine, mzee hajui kufuga.

Mwaka 1998 Tennant alimpigia simu Rob Bilott, wakili wa Cincinnati ambaye bibi yake aliishi maeneo hayo. Bilott alifanya kazi katika ofisi iliyozoea kuyatetea makampuni ya kemikali, na pengine ndiyo sababu alijua pa kutazama. Alifungua kesi 1999. Mwaka 2000, akipekua barua za kampuni, alikutana na jina la kemikali ambayo haikuwa kwenye orodha yoyote ya serikali. Aliomba kila karatasi inayoihusu. DuPont ilikataa, jaji akaiamuru itoe, na makasha yakaanza kuwasili: kurasa takriban 110,000, zisizopangwa, nyingine za nusu karne nyuma. Bilott alikaa sakafuni miezi kadhaa akizipanga kwa tarehe.

Machi 2001 alituma kwa EPA na mamlaka nyingine barua yenye kurasa 972, vielelezo vikiwemo. Humo zilikuwamo habari za watoto wa 1981, maji ya 1984 na ukomo wa 1991. Kesi ya Tennant ilimalizwa kwa suluhu mwaka huohuo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2009, kabla wanasayansi hawajatoa majibu.

Si haki kusema EPA ilikuwa imelala kabisa. Mei 2000 3M, ikisukumwa na maswali ya shirika hilo, ilitangaza kuacha kutengeneza PFOA pamoja na ndugu yake PFOS, kiungo cha dawa ya kukinga mazulia na makochi. PFOS ilikuwa imeonekana katika damu ya watu na wanyama karibu kila ilipotafutwa. Wengi walitarajia DuPont nayo ingetafuta mbadala. Badala yake ilijenga mtambo wake yenyewe wa PFOA, huko Fayetteville, North Carolina, ukaanza kazi 2002.

Kamati ya 150,000

West Virginia iliunda jopo la kutathmini sumu ya C8 kwa makubaliano na DuPont, na wanasayansi wa DuPont wakawa miongoni mwa wajumbe wake. Mwaka 2002 jopo lilitoa tarakimu tuliyoanza nayo. Kampuni iliyojiwekea nanogramu 1,000 ndani ya nyumba yake ilipewa na jimbo ruhusa ya 150,000. Sijaona katika historia nzima ya PFOA hatua iliyoharibu imani ya wananchi kuliko hii, na athari yake ilikwenda mbali: kila tarakimu iliyofuata, hata iliyokokotolewa kwa uaminifu, ilipokewa na wakazi kwa swali la nani alikuwa mezani ilipoandikwa.

Mapitio ya EPA, 2002–2006

Septemba 2002 EPA iliitangaza PFOA kuwa ya kupitiwa kwa kipaumbele, na Aprili 2003 ikatoa tathmini ya awali ya hatari. Mwezi huohuo shirika la wanaharakati la Environmental Working Group liliiandikia EPA likidai kwamba DuPont ilivunja kifungu cha kutoa taarifa. Kwa hiyo shirika likajikuta na kazi mbili kwa mpigo: kuipima kemikali na kumshitaki mtengenezaji.

Kazi ya pili ilikwenda haraka. Julai 2004 EPA ilifungua mashtaka, ikitaja habari za kondo la nyuma za 1981 na uchafuzi wa maji. Desemba 2005 DuPont ilikubali kutoa dola milioni 16.5, kati yake milioni 10.25 zikiwa faini na zilizobaki za miradi ya mazingira, bila kukiri kosa. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko zote za aina hiyo ambazo EPA ilikuwa imewahi kutoza. Pia ilikuwa adhabu ya kampuni iliyokuwa ikiuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 25 kwa mwaka.

Kazi ya kwanza ndiyo iliyokwama, na hapa inafaa kusimama kidogo. Rasimu ya tathmini ilitoka Januari 2005. EPA ilisema kuna ushahidi unaodokeza kwamba PFOA husababisha saratani. Kudokeza, katika ngazi za shirika hilo, ni daraja la chini, na kemikali ya daraja hilo haikokotolewi hatari yake ya saratani kwa ukali uleule. Rasimu ilipelekwa kwa bodi huru ya washauri wa kisayansi. Mwaka 2006 wengi wa wajumbe wa jopo la bodi hiyo walisema shirika limekuwa na woga: uvimbe ulioonekana kwa panya katika viungo zaidi ya kimoja ulitosha kuipandisha PFOA hadi daraja la zile ambazo yaelekea zinasababisha saratani kwa binadamu.

EPA ilipokea ushauri, ikashukuru, na haikuipandisha. Tathmini ya rasimu haikufikia mwisho. Mahali pake palikuwa na mpango wa hiari uliotangazwa Januari 2006: makampuni 8 yalialikwa kupunguza PFOA kwa asilimia 95 ifikapo 2010 na kuelekea kuimaliza ifikapo 2015. Yote manane yaliitikia, na mwisho wa muda yote yaliripoti kutimiza.

Wapo wanaouona mpango huo kuwa ujanja wa kukwepa sheria. Mimi nauona kuwa zao la hukumu ya asbesto: shirika lililokwisha kung'atwa mahakamani lilichagua kuomba. Na ombi lilizaa matunda, kwa kuwa vipimo vya taifa vinaonyesha PFOA katika damu ya Wamarekani ilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Ila gharama yake ilikuwa kubwa. Bila tathmini iliyokamilika hapakuwa na ukomo wa kisheria wa maji, na makampuni yalikuwa huru kuhamia kemikali za jamii ileile zenye mnyororo mfupi zaidi, ambazo nazo hazikuwa zimepimwa vya kutosha.

Damu ya watu 69,000, 2004–2012

Pengo la serikali lilizibwa na mahakama, kwa namna ambayo sijui kama imewahi kutokea kwingine. Bilott alikuwa amefungua kesi ya pamoja mwaka 2001 kwa niaba ya wanywaji wa maji ya maeneo 6. Katika suluhu ya Septemba 2004 DuPont ilikubali kulipa dola milioni 70 taslimu, kujenga mitambo ya kuchuja maji, na kugharimia jopo la wataalamu watatu wa epidemiolojia waliokubaliwa na pande zote. Hawa walikuwa Tony Fletcher wa London, David Savitz na Kyle Steenland. Wakiona uhusiano kati ya PFOA na ugonjwa, DuPont haitabisha tena kwamba kemikali inaweza kusababisha ugonjwa huo. Wasipouona, wananchi wameshindwa.

Mawakili wa walalamikaji waliamua fedha zile zitumike kuwalipa watu wajitokeze kupimwa, dola 400 kila mmoja. Kati ya 2005 na 2006 watu wapatao 69,000 walijaza madodoso na kutoa damu. Kiasi cha katikati cha PFOA katika damu yao kilikuwa karibu mara 7 ya kile cha Wamarekani wengine. Kisha wakangoja. Miaka ilipita, wagonjwa wakafa, na Bilott akawa akipigiwa simu na watu wasiojua kama kesi yao bado ipo.

Majibu yalitoka kidogokidogo mwishoni mwa 2011 na katika mwaka 2012. Jopo liliona uhusiano na magonjwa 6: saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya thairoidi, vidonda vya utumbo mpana, lehemu nyingi katika damu, na shinikizo la damu la ujauzito, kifafa cha mimba kikiwemo. Kwa magonjwa mengine mengi waliyoyachunguza, kisukari kikiwamo, walisema hawakuuona, na ukweli huo ndio ulioyapa majibu yao uzito. Mwaka 2017 DuPont na Chemours, kampuni iliyozaliwa kutoka ubavuni mwake miaka miwili kabla, zililipa dola milioni 671 kumaliza kesi zipatazo 3,550.

Kutoka 400 hadi 70, 2009–2018

Huku Washington tarakimu ilikuwa ikishuka kwa mishtuko. Januari 2009, siku chache kabla Rais George W. Bush hajaondoka, EPA ilitoa ushauri wa muda wa nanogramu 400, baada ya tope la majitaka lenye kemikali hizi kukutwa limemwagwa mashambani karibu na Decatur, Alabama. Ushauri si sheria. Mamlaka ya maji inaweza kuusoma na kuuweka mezani.

Mshtuko wa pili ulitoka kijiji cha Hoosick Falls, New York. Mwaka 2014 mkazi mmoja aliyempoteza baba yake kwa saratani ya figo alijipatia sampuli za maji na kuzipeleka maabara kwa gharama yake. Zilikuwa na zaidi ya nanogramu 500. Wakubwa wa kijiji walisuasua, na ni mwishoni mwa 2015 tu EPA ilipowaambia watu wasinywe. Mei 2016 ushauri wa taifa ulishushwa hadi 70, PFOA na PFOS zikihesabiwa pamoja. Mwezi mmoja baadaye Rais Obama alitia saini marekebisho ya sheria ya 1976, yaliyoondoa sharti lile lililoiangusha marufuku ya asbesto.

Hata hivyo serikali yenyewe ilikuwa na mkono mmoja usioupenda mwingine. Mwaka 2018 wakala wa afya wa serikali kuu uliandaa wasifu wa sumu za jamii hii, wenye viwango vikali kuliko 70. Barua pepe zilizotolewa baadaye zilionyesha msaidizi mmoja wa Ikulu akihofia kwamba kuutoa hadharani kungeleta aibu kubwa. Uliwekwa kando kwa miezi, ukatoka Juni baada ya wabunge wa vyama vyote kupiga kelele.

Geneva, Nairobi na Winam

Dunia haikuingoja Washington. Mkataba wa Stockholm wa kemikali zisizooza, ambao Kenya na Tanzania ziliuridhia mwaka 2004 na ambao uko chini ya mwavuli wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, uliiweka PFOS kwenye orodha yake mwaka 2009. Katika mkutano wa Geneva wa 2019 uliiweka PFOA katika orodha ya zinazotakiwa kukomeshwa, kukiwa na misamaha ya muda kwa matumizi machache, mojawapo ikiwa povu la kuzimia moto wa mafuta. Marekani ilitia saini mkataba huo 2001 na mpaka leo haijauridhia.

Kwetu suala hili halikuja na kiwanda. Lilikuja na povu la viwanja vya ndege, mazulia, nguo zisizoshika maji na taka zake. Tayari mwaka 2009 watafiti walichapisha vipimo vya PFOA na PFOS katika maji ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Wavuvi wa sangara na sato hawakuwahi kusikia habari za Parkersburg.

Sifuri na nne, 2022–2025

Mapitio mapya ya EPA yaliegemea watoto wa visiwa vya Faroe, Atlantiki ya Kaskazini, ambako watu hula samaki na nyama ya nyangumi. Huko watafiti waliona kwamba watoto wenye kemikali hizi nyingi katika damu walijenga kinga hafifu baada ya chanjo za pepopunda na dondakoo. Kwa hesabu hiyo, Juni 2022 ushauri wa PFOA ulishuka hadi nanogramu 0.004. Hapo tarakimu ilikuwa imekwenda chini ya uwezo wa mitambo: maabara za kawaida haziwezi kusoma kwa uhakika chini ya takriban 4. Mwishoni mwa 2023 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliipandisha PFOA hadi kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Aprili 10, 2024, mkuu wa EPA Michael Regan alitangaza sheria ya kwanza ya taifa. Lengo la afya kwa PFOA ni sifuri. Ukomo wa lazima ni 4, kwa kuwa ndicho kiasi ambacho maabara zinaweza kukisoma. Nyaraka zilizoambatana na sheria ziliiweka PFOA katika daraja lile la yaelekea kusababisha saratani, daraja ambalo washauri walilipendekeza miaka 18 kabla. Vyama vya mamlaka za maji vilikwenda mahakamani kulalamikia gharama. Lalamiko lao lina msingi, maana wao hawakuitengeneza PFOA hata gramu moja, ingawa mwaka 2023 3M ilikubali kuzilipa mamlaka hizo dola zisizopungua bilioni 10.3 na DuPont na washirika wake bilioni 1.185.

Regan alichagua kutoa tangazo lake Fayetteville, mji ambako DuPont ilianza kujitengenezea PFOA mwaka 2002. Kiwanda cha huko, sasa cha Chemours, kiliiacha PFOA kikachukua mbadala uitwao GenX, ambao mwaka 2017 wakazi wa bonde la Cape Fear waligundua walikuwa wakiunywa. Sheria ya 2024 iliupa GenX ukomo wa nanogramu 10. Mei 2025 EPA ya utawala mpya, chini ya Lee Zeldin, ilisema itabakiza ukomo wa PFOA na PFOS lakini itazipa mamlaka za maji hadi 2031 badala ya 2029, na kwamba inakusudia kuondoa viwango vya kemikali nyingine, GenX ikiwa mojawapo. PFOA, ambayo makampuni yale manane yalikwisha kuiacha, imebaki na ukomo. GenX, ambayo Fayetteville bado inaitumia, ndiyo ambayo ukomo wake ulikusudiwa kuondolewa.